Bosi wa malori aliyekuwa anachora: wasifu tuliosomewa msibani haukutosha

Kwetu Mbeya utaratibu wa msiba unajulikana, watoto wanakaa usiku na karatasi wanaandika wasifu wa marehemu, asubuhi mmoja mwenye sauti nzuri anausoma kabla mwili haujatolewa, na hivi karibuni tumemzika mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye miaka yote alikuwa mtu wa malori. Sitamtaja jina maana familia haijanituma. Wasifu wake ulikuwa mrefu na umepangika vizuri: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa karani wa usafirishaji, akawa msimamizi wa yadi, akawa meneja, akamalizia mkurugenzi wa uendeshaji kwenye kampuni binafsi, akastaafu akiwa na miaka 60, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kila cheo kilitajwa na mwaka wake. Uchoraji haukutajwa hata kwa sentensi moja, na wote tuliokaa chini ya lile turubai tunajua kwamba nyumba ile ina chumba kizima kimejaa picha alizochora yeye mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini.

Watu wameniambia niache, kwamba watoto walikuwa na majonzi na wasifu huwa unaandikwa haraka. Nakubali majonzi yalikuwepo. Lakini mbona hakuna aliyesahau mwaka aliopandishwa cheo? Kilichoachwa kiliachwa kwa sababu kwenye vichwa vyetu hakikuwa kwenye hesabu, kazi ni ile yenye mshahara na barua ya ajira, na kile kingine ni mambo ya mzee kupoteza muda. Mi naona tumekosea kabisa, tena sio kwa sababu sanaa ni kitu kizuri kwa hiyo tuiheshimu, hapana, nasema hivi kwa sababu ukizitazama zile picha kwa makini unagundua uchoraji na malori kwa huyu mzee ilikuwa kazi moja tu, na bila zile picha hata ile nusu ya malori tuliyosomewa inakuwa haieleweki.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia ambayo shaba yake na mafuta yake vilikuwa vinapita kwa reli ya huko kusini ikajikuta imebanwa. Njia iliyobaki ilikuwa hii yetu. Barabara ya kutoka Dar mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900, wakati ule sehemu kubwa ni vumbi kiangazi na tope masika, ikageuka ghafla kuwa mlango wa nchi nzima, mapipa ya mafuta yanapanda kwenda, shaba inashuka kuja bandarini. Madereva wa Kizungu waliokuwa wanaipita waliibandika jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaanzisha kampuni ya pamoja ya malori wakishirikiana na Waitalia, ndo yakaja yale malori ya Fiat, mafiati, ambayo wazee wa Chimala, Igurusi na Makambako mpaka leo wanaiga mlio wake. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968 likapunguza yale mapipa, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya sabini, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Watu wakadhani malori yatakwisha sasa, na hayakuisha, na mnayaona wenyewe leo foleni inavyokaa Tunduma.

Mzee wetu alikulia kijiji cha barabarani upande wa Chimala, kwa hiyo mafiati aliyaona akiwa mtoto wa shule ya msingi, na kitu cha kwanza alichochora maishani, kwa mkaa ukutani kwa shangazi yake, kilikuwa lori. Alichapwa kwa ajili ya ule ukuta. Hilo alipenda kulisimulia na kila mtu mtaani analijua. Alipoajiriwa kwenye shirika la umma mwishoni mwa miaka ya sabini lami ilikuwa imeshafika, ila madereva aliowakuta walikuwa ndo wale wale waliopita enzi za tope, na yeye karani mdogo wa kuandika kitabu cha magari yanayotoka na kuingia akawa anasikiliza stori zao kila siku getini.

Pale yadi palikuwa na fundi wa kuandika magari. Vijana wa sasa hamjui, sa hizi jina la kampuni ni stika, inaprintiwa inabandikwa basi, lakini zamani jina, sanduku la posta, uzito wa gari likiwa tupu na uzito linaoruhusiwa kubeba vyote viliandikwa kwa mkono mlangoni, kwa brashi nyembamba na rangi ya mafuta inayong'aa, na mtu aliyekuwa anaandika herufi hizo zikakaa sawa kwenye bati lililobonyea alikuwa fundi kweli kweli. Yule fundi ndo mwalimu wa mzee. Alimfundisha kushika brashi, kuegemeza mkono wa kuume kwenye fimbo ili usitetemeke, kupunguza rangi kwa tapentaini, kusubiri rangi ya kwanza ikauke ndo uweke ya pili. Hiyo ndo shule ya sanaa aliyosoma na hakusoma nyingine.

Miaka ile ya shida, mafuta hakuna, spea hakuna, lori linalala juu ya magogo miezi likisubiri kipuri kimoja, kulikuwa na amri magari binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Mji unanyamaza. Kwa mzee hiyo saa nane ya Jumapili ikawa saa yake ya kuchora, na amri ilipokuja kuondolewa baadaye yeye akaendelea nayo, hata alipokuwa mkurugenzi mwenye simu inayoita usiku na mchana kutoka Nakonde na Ndola huko Zambia, Jumapili saa nane anaingia chumbani kwake anafunga mlango.

Sasa nieleze kwa nini nasema ilikuwa kazi moja.

Ipo picha yake ya malori matatu yamepaki mchana pembeni ya barabara, matela yake yanaonekana kama matupu, kwenye sakafu ya tela kuna vitu vya rangi ya kahawia nyekundu vimelazwa chini kabisa havifiki hata magotini kwa mtu, sehemu yote ya juu ni hewa. Mgeni anaiona anasema huyu kachora malori yanayorudi bila mzigo. Mtu wa malori anaiona anasimama. Hiyo ni shaba. Shaba ni nzito kiasi kwamba tani thelathini hazijazi tela hata robo, unaona tupu, na ndo maana mzee hakuweka uzito kwenye mzigo, aliuweka kwenye tairi zilizolala kidogo chini na kwenye spring ambazo majani yake yamenyooka badala ya kupinda. Pembeni akachora lori lingine limebeba masponji ya magodoro, limejaa mpaka juu limefungwa kamba linaonekana ndo zito kuliko yote, ila tairi zake zimesimama duara kabisa. Picha nzima ni hiyo, na imebeba elimu ambayo meneja wa usafirishaji anaipata kwa miaka kumi.

Kazi ya meneja wa malori watu wanadhani ni kusaini karatasi na kugombeza madereva. Kwa sehemu ni hiyo, ila kiini chake ni kuangalia. Gari linaingia getini, kabla dereva hajashuka wewe umeshaona tairi ya ndani imeliwa upande mmoja kwa hiyo ekseli imekaa vibaya, umeona turubai limefungwa fundo ambalo sio la yadi yako kwa hiyo mzigo umefunguliwa njiani, umeona vumbi kwenye tenki la mafuta limefutika pale kwenye kifuniko kwa hiyo kuna mtu kanyonya. Hujaambiwa kitu umeshaona. Na baada ya sheria ya Afrika Mashariki ya uzito kuanza kufuatwa 2019, tani 56 mwisho kwa gari na mzigo wake na kila kundi la ekseli na kikomo chake, jicho la namna hiyo likawa pesa taslimu, mzigo ukisogea kidogo tu nyuma unakamatwa kwenye mizani ya Wenda au Makambako au Mpemba hata kama jumla iko sawa. Mzee alikuwa ameshastaafu wakati huo lakini vijana wa kampuni walikuwa wanampigia simu kuuliza wapange vipi, na yeye kwanza anawaambia watume picha ya gari kwa ubavu.

Mtu aliyeishi hivyo, ukimpa brashi, atachora nini? Atachora alichozoea kuona. Ndo maana nakataa maneno kwamba alikuwa na "hobi". Hobi ni kitu cha pembeni, hiki kilikuwa jicho lile lile, mchana linaokoa mali za kampuni, Jumapili linaweka barabara kwenye kitambaa.

Hata kitambaa chenyewe. Maturubai ya zamani ya malori, kabla hayajaja haya ya plastiki, yalikuwa ya pamba nzito, ni karibu kitu kile kile ambacho wachoraji wa Ulaya wananunua dukani kwa bei kubwa. Yakichakaa yadi ilikuwa inayatupa. Mzee alichukua vipande vizuri, akafua, akavuta kwenye fremu za mbao za paini kutoka Mafinga, akapaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili ndo akaanza kuchora. Kwenye picha nyingi ukigeuza nyuma unakuta tundu la kamba lenye pete ya bati, au herufi mbili tatu za jina la shirika lililokufa siku nyingi. Na ule wekundu wa barabara kwenye picha za enzi za vumbi haukutoka dukani. Ni udongo wa huko huko Chimala, ameutwanga, ameuchekecha kwa kitambaa chepesi, ameuchanganya na mafuta ya kitani. Udongo mwekundu una chuma ndani yake na jua haliufifishi, ni aina ile ile ya wekundu ambao watu wa kale walichorea kwenye jiwe la Igeleke pale Iringa na bado unaonekana, na akina mama wa Kikisi wa Ikombe kule ziwani Nyasa nao wanaupaka kwenye vyungu vyao. Huyu mzee hakuwa anaiga mtu, alitumia vilivyokuwa mkononi, na kwa bahati njema vilivyokuwa mkononi vilikuwa vinadumu.

Ukizipanga picha zake kwa mfuatano wa njia unasafiri. Bonde la mibuyu baada ya Iyovi, mibuyu haina jani hata moja na lori dogo linapita katikati. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Kitonga amekichora mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, zile kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na shimo upande mwingine, magari yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na yanayoshuka yanatoa moshi kwenye breki. Nyanya za Ilula kwenye matenga. Misitu ya Sao Hill ameichora mara moja tu, nadhani haikumvutia ule mstari mstari wa miti iliyopandwa. Makambako kuna upepo, huoni upepo ila unaona matenti na magauni. Halafu anashuka Usangu, mpunga, Mlima Nyoka, Uyole, Iwambi, mpaka Tunduma ambako amechora magari yamesimama na madereva wamelala chini ya matela yao, mmoja anapika ugali kwenye jiko la mkaa katikati ya tairi. Hiyo ya Tunduma ndo bora kuliko zote kwangu. Hakuna kinachotokea pale, ni watu wanasubiri karatasi, na aliyesubiri mpaka ule anajua uchovu wa aina gani umechorwa.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua kwenye kazi zake na lazima nikiseme maana uchambuzi sio kusifia tu. Hakuna ajali. Barabara hii jamani, Iwambi, Mlima Nyoka, Kitonga, ni watu wangapi tumezika. Lori limeshuka limewekwa nyutro ili kubana mafuta, breki zinapata moto zinakataa kushika, chini kuna daladala na bodaboda na soko. Mzee kama meneja ndo alikuwa anapigiwa simu usiku, ndo anaenda eneo la tukio, ndo anaenda kwa mke wa dereva asubuhi kabla redio haijasema. Alifanya hivyo mara nyingi kwenye maisha yake na wajane wawili walikaa mstari wa mbele siku ya kumzika. Lakini hakuchora hata moja. Niliwahi kumuuliza, akanijibu mwanangu hizo zote nimeshaziandikia ripoti, akanimiminia chai.

Wengine watasema alifanya vizuri, marehemu wapumzike, picha sio mahali pake. Mimi naona alituacha hapo. Ripoti za kampuni zilibaki kwenye makabati ya kampuni, na nyingine yale mashirika yalipokufa zilikufa nayo, kwa hiyo upande ule wa barabara ambao yeye aliujua kuliko sisi wote hauna kumbukumbu. Angeweza hata bila kuchora damu wala mabati, angechora tu yule mama anafungua mlango asubuhi. Alikuwa na uwezo huo, ile picha ya Tunduma inaonyesha. Nasema hivi kwa kumheshimu, kwa sababu ukishamchukulia mtu ni mchoraji kweli na sio mzee anayejiburudisha, basi unamdai.

Sasa tuje kwenye mtaa. Mzee alipostaafu watu walimsubiri afanye yanayofanywa: anunue shamba la parachichi Rungwe, ajenge vyumba vya kupangisha, agombee uzee wa kanisa, afungue gereji. Nchi hii tukiongelea kustaafu tunaongelea kikokotoo tu, ile hesabu ya mafao, 2022 ilikuwa ni ile asilimia 33 ya mkupuo, 2024 ikapandishwa kwa wengine mpaka 40, na mi silaumu, pesa ni pesa na mtu kafanya kazi maisha yake yote. Ila hakuna anayekaa na mfanyakazi wa miaka 58 akamuuliza kichwa chako umekijaza nini na utakitoa kwa njia gani. Mzee alinunua shamba dogo, akalikodisha, akaingia chumbani sasa kila siku na sio Jumapili tu. Maneno yakaanza. Kachanganyikiwa. Kapata pesa nyingi ghafla. Mtu mzima anachezea rangi kama mtoto wa chekechea. Watoto wake wenyewe waliona haya kidogo, mmoja aliwahi kuwaambia wageni kwamba baba anachora kwa ushauri wa daktari, kwa ajili ya presha, kitu ambacho hakikuwa kweli.

Inashangaza maana historia ya sanaa imejaa watu wa ofisi. Henri Rousseau kule Ufaransa alikuwa mtoza ushuru kwenye milango ya jiji la Paris, kazi ambayo mtu wa Tunduma anaielewa bila kuelezwa, akaacha kazi 1893 akiwa na miaka 49 ili achore, walimcheka sana na leo picha zake ziko makumbusho makubwa duniani. Na tusiende mbali, hapa hapa Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alikuwa Balozi wetu wa kwanza London baada ya uhuru na alikuwa mchoraji, mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku uko kwenye makumbusho ya sanaa za kisasa New York. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru huku huku kusini kwetu, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya sitini baada ya kupitia kazi nyingi za mikono, akatumia rangi ya baiskeli na mbao za dari, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi, amechora miaka kama minne tu na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Balozi, kibarua, mtoza ushuru. Kwa nini mkurugenzi wa malori ionekane ajabu?

Najua hoja inayokuja na ina uzito: bosi alikuwa na chumba, alikuwa na mshahara, alikuwa na Jumapili. Utingo wake hakuwa na kimojawapo. Yupo dereva aliyepita Kitonga mara nyingi kuliko mzee na ameona zaidi, ila hana hata penseli. Ni kweli tupu, na mzee mwenyewe alilijua maana yule fundi wa kuandika magari, mwalimu wake, alikufa bila kuacha hata kitu kimoja chenye jina lake, milango yote aliyoiandika iliuzwa vyuma chakavu. Lakini hoja hiyo kwangu inazidisha thamani ya kilichobaki badala ya kuipunguza. Kama wengi walioijua barabara hawakupata nafasi ya kuiacha popote na mmoja akaipata, basi alichoacha ni chao pia. Kwenye zile picha madereva wana sura, kila mtu na sura yake, na matandiboi wanaonekana wanavyokaa juu ya mzigo kwenye baridi ya Mafinga wamejifunika gunia. Bosi aliyekuwa haangalii watu wake asingeweza kuwachora vile.

Na sasa ndo kuna kikao cha familia. Nilichosikia ni kwamba wanataka kugawana, kila mtoto achukue anazozipenda aende nazo, Dar, Dodoma, mmoja yuko Lusaka, na zitakazobaki apewe mtu mwenye hoteli aliyeonyesha nia. Naomba kwa heshima, sio kwa kuingilia mali ya watu, wasubiri kidogo. Zile picha zimechorwa kama njia moja, ukichukua Kitonga ukaipeleka Lusaka na Tunduma ukaiweka mapokezi ya hoteli utabaki na mapambo. Kabla ya kugawa chochote kila moja ipigwe picha mbele na nyuma, nyuma hasa, maana kule ndo kuna maandishi yake ya penseli na alama za lile turubai. Zilizoko chini sakafuni zinyanyuliwe kabla mvua za Novemba hazijaanza, Mbeya hii unyevu ukiingia ukungu unaota kwenye kitambaa haraka sana, na wakati wa baridi wasiwashe jiko la mkaa chumba kile, masizi yanakaa juu ya rangi hayatoki. Za zamani alizotumia rangi ya milangoni zisifungiwe gizani, rangi hiyo ikikaa giza inageuka njano. Kama kuna ya kuviringisha kwa ajili ya safari basi upande wenye rangi uwe nje na sio ndani, ukiukunja ndani inavunjika vipande.

Kisheria pia wajue kitu. Kumuuzia mtu picha sio kumuuzia hakimiliki. Kwa sheria yetu ya 1999 haki ya mchoraji inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo warithi ndo wenye haki sasa, mwenye hoteli akinunua anapata kitambaa cha kutundika, hapati ruhusa ya kuchapisha kwenye kalenda zake. Hilo liandikwe kabla pesa haijapokelewa.

Iringa wenzetu walichukua Boma la Mjerumani wakaligeuza makumbusho 2016, mtu anaingia anajifunza habari za Wahehe na za mkoa. Huku kwetu jiji limejengwa na barabara, watu wamekula kwa barabara, wamesomesha kwa barabara, na hakuna chumba kimoja cha kuonyesha barabara hiyo ilikuwaje. Sasa hivi inapanuliwa kutoka Nsalaga kwenda Songwe, ni jambo jema na tumelisubiri sana, ila ina maana ile Mbeya ya njia moja nyembamba aliyoichora mzee haipo tena mahali pengine isipokuwa kwenye chumba chake. Halmashauri ya jiji, chuo, kanisa, wamiliki wa malori ambao wengine walifundishwa kazi na yeye, mmoja wenu anaweza kutoa ukumbi kwa mwezi mmoja.

Na kama ukumbi ukipatikana wasiite wakubwa wa kukata utepe kwanza. Madereva wa miaka ile bado wapo, wachache, Iyunga, Mbalizi, Makambako, wengine miguu haina nguvu na watahitaji gari la kuwafuata. Wakalishwe mbele ya zile picha mtu mmoja awe na daftari na simu ya kurekodi, waulizwe hii ni kona gani, hili gari namba ngapi, huyu aliyelala chini ya tela ni nani na alikuwa mtu wa wapi, na majibu yao yaandikwe nyuma ya kila picha pembeni ya penseli ya mzee.